Moto wa Jumba la Magamba

Mama,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini sitaki useme nimeanza maneno bila kukuamkia.

Lile jumba limepata mwenyewe mwingine. Hakimu Mwingereza amerudi kwao, na aliyelinunua ni tajiri wa mkonge kutoka Tanga. Magamba nzima inazungumzia motokaa yake na kinanda chake. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: nani atawasha moto?

Maana Mjerumani alipomaliza kulijenga, wewe ndiye uliyetangulia kuingia, msichana mbichi, umebeba kaa la moto kutoka jikoni kwa bibi, kama tufanyavyo hapa mtu akihamia nyumba mpya. Vita vikamwondoa. Akaja hakimu, akajiwashia mwenyewe kwa kiberiti! Wapagazi wakatua mizigo uani, wakaikalia, hakuna aliyevuka kizingiti. Mvua hiyo inakuja, na mke wa hakimu anahangaikia viti vyake vya mahameli. Ikabidi uitwe. Ukaumwagia maji ule moto wa hakimu, yeye mwenyewe akitazama, ukasema, "Huu haumjui mtu hapa." Nacheka mpaka leo, kisha machozi yananitoka.

Safari hii niliogopa, Mama. Wewe hupo, na tajiri amekuja na jiko la mafuta ya taa. Nikajua jumba litafunguliwa hivihivi kama duka, na wewe utasahaulika.

Jumamosi dereva wake akabisha hodi kwetu. Kumbe mke wa hakimu, alipokabidhi funguo, aliusia kisiingizwe hata kijiko kabla hajaitwa mama wa moto. Alikutaja kwa jina! Tajiri na mkewe walikuwa wameketi ndani ya motokaa, nje ya geti, wanatungoja sisi.

Nikachukua kaa jikoni kwako. Tangu utuache sijauacha moto wako uzimike. Dereva akataka nipande motokaa, nikakataa. Nilitaka watu wanione nikipita njia yako na kigae chenye kaa mkononi. Moshi ulipotoka kwenye dohani, wanawake wa bondeni wakapiga vigelegele. Mke wa tajiri akaniuliza jina. Nikataja lako kwanza, ndipo langu.

Mama, najivuna, na wala sioni haya.

Pumzika sasa. Mjukuu wako ameanza kujifunza kubeba kigae bila kuungua. Wao wapokezane funguo wapendavyo. Moto wa jumba lile utatoka kwetu, nakuahidi. Ngoja niende nikachochee, huu wa kwako umeanza kufifia.

Mwanao.