Kidole cha Mwisho

Chamazi, Dar es Salaam
16 Oktoba 2024

Dada yangu Auleria,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji Stanley na wote wa hapo nyumbani Mbinga. Goti vipi? Mara ya mwisho uliniambia kwenye simu kwamba linakusumbua ukipanda kule juu kwenye kahawa, nikakushauri upumzike, ukanicheka kama kawaida yako. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Herieth anakusalimia sana, sasa hivi yuko dukani kwake. Hope amerefuka mpaka sketi ya shule imekuwa fupi, na siku hizi nikikaa kwenye kinanda anakuja kusimama nyuma yangu, anataka nimfundishe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Utasema mdogo wako ameanza uzee kabla ya wakati. Sababu ninayo, ila niache niifikie polepole, maana nikianza nayo nitaichana karatasi hii kama nilivyoichana nyingine juzi.

Kazi yangu unaijua. Jumapili napiga kinanda hapa kigangoni, na siku nyingine natengeneza muziki wa kwaya. Wanakuja na wimbo wao kichwani, nauingiza kwenye kinanda, nao wanakwenda kuimba juu yake. Ndani ya kinanda kuna kitu cha kurekodia, tunakiita sikwensa. Watu wengi wanadhani ni kama redio kaseti. Mama Anjelina, yule kiongozi wa sauti ya kwanza, aliwahi kuimba ubeti mzima mbele yake, kisha akaniomba nimsikilizishe. Akasikia kinanda kitupu. Alikasirika kweli, akadhani nimemfuta kwa makusudi. Ikabidi nimweleze kwamba sikwensa haina masikio. Haishiki sauti ya mtu, wala hata sauti ya kinanda chenyewe. Inachoandika ni vidole tu: kidole kimegusa wapi, kimegusa lini, kwa nguvu kiasi gani, kikaondoka lini. Ukitaka kusikia tena, kinanda kinajipiga chenyewe kwa kufuata vidole vile. Mama Anjelina alisema basi ni mashine ya kipumbavu, na tukacheka.

Halafu kuna kitufe cha kunyoosha. Ukichelewa kidogo kugusa, chenyewe kinaisogeza sauti mpaka mahali pake, na wimbo unatoka umenyooka. Wapigaji wengi hapa mjini wanakitumia na si aibu. Mimi nilikiwasha miaka mingi iliyopita nikasahau kama kipo.

Mwezi wa Juni wale akina mama wa sauti ya kwanza wakaanza kulalamika kwamba kinanda hakiwapi sauti yao. Sauti yao ndiyo ya juu kabisa, na kinachoibeba ni kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Nikaongeza sauti ya spika. Wakalalamika tena. Nikasema spika zimechoka, kama tunavyosema sisi mafundi tukikosa la kusema. Kisha Mwalimu Ferdinand, anayeongoza kwaya, akaleta wimbo wa sherehe ya mtakatifu somo wa kigango, wimbo wa kinyumbani hasa. Akaniomba nisiunyooshe, akisema unatakiwa utembee kama watu wanavyotembea. Nikazima kitufe, nikapiga, tukakaa kuusikiliza.

Dada, wimbo ulikuwa unachechemea. Kila mahali sauti ya juu ilifika baada ya wenzake, kama mtoto anayeburutwa sokoni. Ferdinand alicheka, akaniuliza jana nimelala wapi. Nikacheka naye. Nikarudia kuupiga, ukatoka vilevile. Hapo kicheko kikaniisha.

Nikaona heri lawama ziende kwa kinanda. Nikakipeleka Kinondoni kwa fundi wangu Badru, nikamwambia vibonye vya juu vimelegea. Badru aliwasha, akafungua ukurasa ambao kila mguso unaonekana kwa namba ya nguvu yake, akavigonga vibonye vyote kimoja baada ya kingine. Namba zake zilikuwa zinakaribiana. Akaniambia, "Kinanda kizima hiki, braza. Hebu gonga wewe." Nikagonga. Vidole vya kwanza vilikwenda vizuri. Nilipofika kidole cha pete namba zikaanguka, na cha mwisho zikaanguka zaidi. Badru akautazama mkono wangu, akasema labda ni uchovu tu, nikanywe chai. Nikamtolea pesa, akakataa hata ya soda. Hapa mjini fundi akikataa pesa yako ujue amekuonea huruma, na hilo liliniogopesha kuliko zile namba.

Nilipofika nyumbani nikafungua wimbo niliourekodi mwaka ambao Hope alipata Komunyo ya Kwanza. Bado umo. Kidole kilekile, nguvu sawasawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikafungua uliofuata, na uliofuata, nikija huku karibu, na namba zikawa zinashuka. Kitufe kilikuwa kinanyoosha muda tu, nguvu hakizigusi. Mashine ya kipumbavu ilikuwa imeandika kila kitu, mimi ndiye sikuwa nasoma.

Naogopa, dada. Nasema hivyo bila aibu kwa kuwa wewe ndiye uliyenibeba mgongoni. Mezani mkono nauficha mfukoni. Nimeanza kunyoa ndevu kwa mkono wa kushoto na nimejikata, nikamdanganya Herieth kwamba wembe ni mbovu. Hope akikaa kwenye kinanda simsikilizi, namtazama vidole. Na usinitajie ile methali ya mficha maradhi. Naijua mpaka mwisho, na huo mwisho wake ndio unaonitisha.

Lipo jambo ambalo hata padri sijamwambia. Tangu Agosti sipigi kinanda kanisani. Nyimbo zote niliziingiza nyumbani kipande kwa kipande, nikazinyoosha, nikazipandisha namba za kidole cha mwisho moja moja mpaka zikawa kama za zamani. Jumapili nabonyeza tu, kisha napitisha vidole juu ya vibonye nilivyovinyamazisha. Watu wananipongeza mlangoni. Ferdinand mwenyewe alisema siku hizi mkono wa kulia umetulia.

Lakini sikwensa haijui kusubiri. Jumapili iliyopita Mama Anjelina aliimba wimbo wa Komunyo, na wiki hiyo alikuwa amemzika kaka yake. Alipofika katikati ya mstari akanyamaza, akameza machozi. Mpiga kinanda yeyote angemngoja. Vidole vyangu vilisimama kumngoja, dada, vilisimama vyenyewe. Kinanda kikaendelea. Wanakwaya wengine wakakifuata, wengine wakabaki na Anjelina, wimbo ukapasuka vipande viwili mbele ya waumini wote. Anjelina akageuka, akaviona vidole vyangu vimetulia na muziki unaendelea. Mpaka leo hajasema neno, wala kwangu wala kwa mtu mwingine ninayemjua. Nikimwona njiani napita upande wa pili.

Sasa nakuja kwa baba.

Nilikuwa darasa la tano alipoacha kinanda cha parokia. Mimi niliambiwa kwamba baba, Mzee Polikarpo, amekosana na Paroko kuhusu nyimbo, na nimekua najivunia ugomvi ule, nikiwasimulia watu kwamba baba yangu hakubali kuburuzwa. Kutetemeka kulikuja baadaye sana, na kijiko kumponyoka, na wewe kumlisha mpaka siku yake ya mwisho. Siku zote niliyaona kuwa mambo mawili tofauti. Tangu nitoke kwa Badru naona kwamba hapakuwa na ugomvi wowote na Paroko. Wewe ulikuwa mkubwa, ulikuwa unakaa naye kwenye mazoezi. Kidole gani kilianza? Alikuambia? Mlikubaliana tusiambiwe sisi wadogo?

Halafu nimekumbuka barua alizoniandikia nilipokuwa seminari. Juu kabisa herufi zilikuwa za mwalimu, kubwa na za kupendeza. Kadiri alivyoshuka zilikuwa zinapungua ukubwa, mpaka chini zinabanana kama watu waliokosa nafasi, wakati nusu ya ukurasa ni nyeupe. Nilidhani ni ubahili wa karatasi. Niliwaonyesha wenzangu bwenini, tukamcheka. Mungu anisamehe.

Ndiyo maana sikupiga simu wala kukutumia meseji. Simu inazitoa herufi zote zikiwa sawa, kama kile kitufe. Kalamu hainyooshi. Nimeandika barua hii kwa mkono wa kulia, bila kupumzika, na sijathubutu kurudi juu kuitazama. Barua za baba ziko kwenye sanduku la mama, chini ya vitenge. Chukua moja, uiweke mezani pamoja na hii, uanzie pale nilipokuamkia ushuke nazo zote mbili mpaka hapa. Kisha nipigie, uniambie ulichokiona. Inawezekana ni mshipa tu, au uchovu, na nitafurahi ukinitukana kwa kukutia hofu bure. Ila kama zinafanana, sema zinafanana. Siku hiyohiyo nitamwambia Herieth, na kesho yake nitakwenda hospitali. Usinionee huruma kama Badru.

Nisalimie shemeji na watoto, na ukipita makaburini mwondolee baba majani kwa niaba yangu. Goti usilitumikishe sana. Jina langu hapo chini nimejaribu kuliandika kubwa.

Mdogo wako akupendaye,
Albano