Ndege Uliyemtetea Kwenye Mafunjo

Mpendwa Baba,

Ulipostaafu upolisi, wenzako wa kituo walikuaga kwa tiketi mbili za meli ndogo ya watalii, nawe ukanichagua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijiona msichana wa mjini hasa. Tuliondoka bandari ya Port Bell asubuhi, wewe umevaa suti ya harusi na viatu vya kazi, unamsalimu kila abiria kwa Kiswahili chako cha kambini.

Na kila uliyemsalimu aligeuza uso. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na kwa watu wa Kampala Kiswahili kilikuwa bado lugha ya vizuizi vya barabarani, ya mtu mwenye bunduki. Msichana mmoja wa mtaa wa Bugolobi akaninong'oneza, "Yule afande ni baba yako?"

Nikasema hapana. Ulikuwa hatua mbili nyuma yetu, umeshika soda zetu.

Kwenye hifadhi ya ndege meli ilitia nanga, tukahamia kwenye mitumbwi na kuingia katika mafunjo. Uzuri ule, Baba! Mayungiyungi kila upande, na mbele yetu bulwe, ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu chako, amesimama kimya. Mara akatokea mvuvi, akainua kafi ampige. Wavuvi wa pale waliamini kwamba ukimwona bulwe, siku hiyo hupati hata kamongo mmoja. Kiongozi wetu akatazama pembeni. Wewe ukasimama, mtumbwi ukayumba.

"Mzee wangu, wacha yeye," ulisema kwa upole. "Hii ndege iko natafuta chakula ya watoto. Kama wewe tu. Kama mimi."

Mvuvi akakutazama, akashusha kafi, akacheka. "Kale, afande," akakubali kwa Kiluganda.

Wote wakacheka, hata mama yake yule msichana. Nilijivunia wewe mpaka machozi yakanilenga, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na niliyamwaga mwenyewe. Ukanifungulia soda yangu, ukanipa.

Hukuniuliza kamwe kuhusu ile hapana yangu, mpaka tukakuzika kwetu Gulu. Laiti ungenigombeza, ningepona mapema.

Jumamosi nilirudi kule. Bulwe bado wapo, na siku hizi wavuvi wenyewe ndio wanaowaonyesha wageni. Nilipomsalimu nahodha kwa Kiswahili chako, mama mmoja akanitania, "Nyabo, bibie, hii Kiswahili ya jeshi ulitoa wapi?"

Nikamjibu meli nzima isikie: kwa baba yangu, polisi wa kambi ya Kibuli.

Nimechelewa, Baba. Pumzika.

Mimi, binti yako