Wizara Kumi na Tano na Dirisha Moja

Jumatatu, 1 Desemba

Suruali za Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo hapa Guangzhou, China, zimeingia. Kumi na saba zipu mbovu, nimezitenga. Bi Zuhura, bosi wangu, kasema kontena linakwenda bandarini Nansha Ijumaa kwa hiyo hakuna kuchezacheza. Rahma amelala juu ya robota la fulana, mdomo wazi. Akilala mchana ndiyo nafasi yangu ya kuandika.

Leo nimeshika wizara sita. Mambo ya Nje, Fedha, Ulinzi, Sheria, Kilimo, Biashara. Ziko kumi na tano. Karatasi nimeibandika ukutani hapa stoo, juu ya mzani.

Usaili wa visa ya Marekani, pale ubalozi mdogo, ni tarehe 29. Mimi na Rahma. Baba yake yuko Ohio mwaka wa pili sasa, ana karatasi za kuishi, katuombea tumfuate. Alipoondoka mtoto alikuwa hajasimama. Sasa anaruka ngazi mbili mbili.

Yule jamaa anayetujazia fomu, tunamwita Profesa, kanipa kurasa nane za maswali na majibu. Serikali yao inavyoendeshwa, Rais na watu wake. Kasema usipojibu pale dirishani, visa huna. Mimi nimeishia darasa la saba. Kichwa kinauma. Lakini nitaweza.

Jumatano, 3 Desemba

Sielewi. Rais anachaguliwa, sawa. Makamu anaingia naye, sawa. Mawaziri hawachaguliwi. Rais anawataja, Seneti inawakubali au inawakataa. Halafu akiwachoka anawafukuza mwenyewe, haulizi mtu. Sasa ya nini kuuliza mwanzoni?

Frenk kaja kupima mzigo wake wa simu. Mtu wa Mwanza, rafiki wa mume wangu, kamaliza kidato cha sita. Kaona karatasi ukutani, kacheka mpaka kakaa chini. "Shemeji, unamfuata mumeo au unakwenda kugombea?"

Nikamwambia akimaliza kunicheka anieleweshe. Kanieleza kwa mfano wa jengo la maduka ya nguo la soko la Shahe. Rais ndiye laoban, bosi wa jengo zima. Mawaziri ni wasimamizi, kila mmoja na ghorofa yake. Bunge ndilo lililoandika masharti ya jengo, na ndilo lenye ufunguo wa sanduku la fedha. Chini kabisa yuko binti wa kaunta. "Wewe utaonana na huyo binti tu. Laoban akisema mzigo fulani hautoki, binti atakwambia meiyou, hakuna, hata kama unauona nyuma yake."

Nimeelewa. Nimefurahi mno.

Jumapili, 7 Desemba

Nimemsomea Baba Rahma wizara zote kumi na tano kwenye simu, bila kuangalia. Nimekwama kwenye Nishati tu. Akanyamaza. Nikadhani mtandao. Kumbe anacheka. Eti yeye hakuulizwa hata moja.

Nimekasirika. Nakariri huku nahesabu vifungo, yeye anacheka. Nikamwambia Profesa kasema sheria zimebadilika. Akasema, "Haya mke wangu, ukifika utanifundisha." Kisha akageuza simu, akamwonyesha Rahma theluji dirishani. Rahma kauliza nani kamwaga chumvi.

Hasira imeisha hapo hapo. Lakini sikumwambia.

Jumanne, 9 Desemba

Rahma anakohoa. Ukurasa wa nne. Bunge likipitisha sheria, Rais anaweza kukataa kuitia saini. Na anaweza kuandika agizo lake mwenyewe bila kupigiwa kura, likashika nchi nzima, mradi lina mzizi kwenye katiba au kwenye sheria ya Bunge. Wizara zinatekeleza.

Hili limeingia kichwani mara moja. Nimejipa pipi.

Jumatano, 17 Desemba

Frenk kaja hana mzigo. Nikajua kuna neno.

Rais wao katia saini agizo. Nchi kadhaa, watu wake wasipewe visa za kwenda kuishi. Tanzania imo. Linaanza tarehe mosi Januari.

Nikamwambia arudie tarehe. Karudia. Mosi. Usaili wetu ni 29. Siku tatu kabla. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto, mara mbili.

Frenk kasema, "Shemeji, mna upenyo. Mwembamba, lakini upo."

Nimepakia marobota saba bila kupumzika. Bi Zuhura kaniuliza naumwa nini. Nikamwambia. Kazima redio.

Ijumaa, 19 Desemba

Naogopa. Sijawahi kuogopa karatasi hivi.

Nalifikiria lile agizo linavyosafiri. Limetoka mezani kwa Rais. Limekwenda Wizara ya Mambo ya Nje, ya kwanza kwenye orodha yangu. Wizara inaandika maelekezo, inayatuma kwenye ofisi zake dunia nzima. Yanafika hapa Guangzhou. Yanawekwa mbele ya mtu wa dirishani. Hakuna hata mmoja kati yao anayetuchukia. Hawatujui. Ndiyo inaniuma zaidi.

Nimempigia Profesa, nikamuuliza kama kuna kitu kinapungua kwenye faili letu. "Wewe soma maswali tu, mama. Vyeti niachie mimi."

Jumatatu, 22 Desemba

Ubalozi mdogo wamejibu barua pepe aliyoniandikia Frenk. Usaili upo palepale. Nimesujudu hapo hapo stoo, kwenye vipande vya nailoni. Rahma kanipanda mgongoni kadhani mchezo.

Jumatatu, 29 Desemba

Naandika hapa kwenye benchi la kituo cha metro.

Tulifika asubuhi mapema. Rahma nimemvalisha gauni la Idi. Foleni, alama za vidole, foleni tena. Mtu wa dirishani ni msichana, labda umri wangu, miwani, mafua. Kamsalimia Rahma kwanza. Mkalimani wa Kiswahili hakuna, nimejikaza na Kiingereza changu cha sokoni.

Kauliza tulioana lini. Nikajibu. Nani alikuwepo. Nikajibu. Kaangalia picha, katabasamu kwenye ile ambayo Baba Rahma kavaa kanzu fupi. Mume wangu anafanya kazi gani. Ghalani, anapanga mizigo. Kila kitu sawa. Nikamwona anagonga kwenye kompyuta, nikasema moyoni basi, tumepita.

Akauliza cheti cha polisi cha tabia njema. Nikampa cha Tanzania. Akasema hiki sawa, cha China kiko wapi? Umeishi hapa zaidi ya mwaka, unatakiwa nacho.

Sina. Profesa alisema cha nyumbani kinatosha.

Akasema hawezi kumaliza bila hicho. Akanipa karatasi yenye maelekezo. Kitumwe kwa posta ya haraka.

Na mimi, sijui shetani gani kanipanda, nikamwambia nimesoma. Naweza kukutajia wizara zote kumi na tano. Nikaanza. Mambo ya Nje, Fedha, Ulinzi. Nilifika ya tisa. Hakunikatiza. Kisha kasema polepole ili nielewe: hayo ni maswali ya uraia. Wanaulizwa watu waliokwisha kuishi kule miaka. "You did very well," kasema. Macho yake yalikuwa mekundu, labda mafua.

Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Siku mbili zimebaki.

Jumatano, 31 Desemba

Jana polisi walitoa karatasi yao. Leo ilikuwa ofisi ya kuthibitisha vyeti, bila mhuri wao karatasi haifai. Mama mmoja wa kaunta kasema siku tano za kazi. Mwanangu mkononi, nikaanza kulia kama mjinga.

Bi Zuhura alinisindikiza, ndiye aliyeongea. Miaka kumi na miwili yuko hapa, Kichina chake wenyewe wanakiogopa. Alimwambia yule mama, huyu ana mtoto, mimi nina mtoto, na wewe nakuona una picha ya mtoto hapo mezani, sasa hebu tuongee wanawake watatu. Yule mama kasema haiwezekani. Bi Zuhura kavuta kiti kakaa. Kasema sawa, tutasubiri lisilowezekana hapa hapa. Saa tisa mchana cheti kimetoka na mhuri mwekundu. Yule mama kampa Rahma chungwa, mimi hakunitazama.

Nikakimbia kwa watu wa posta ya haraka. Kesho na keshokutwa sikukuu. Ubalozini watapokea Jumatatu.

Nikapanda metro nikakipeleka ubalozini mwenyewe. Askari wa getini kasema hawapokei mkononi, sheria. Alisema kwa adabu. Nilimwonyesha mhuri. Nilimwonyesha mtoto. Akamwonyesha Rahma jinsi ya kupiga saluti.

Nikarudi posta, nikakituma.

Alhamisi, 1 Januari

Limeanza leo. Nimefua nguo zote.

Ijumaa, 9 Januari

Jibu limekuja. Frenk kanisomea mara mbili, mara ya pili taratibu.

Imekataliwa. Cheti kimefika, hakina kosa, ndoa haina shaka. Lakini visa haiwezi kutolewa kwa sababu ya agizo la Rais. Kuna watu wachache wanaosamehewa, wametajwa, sisi hatumo. Ombi la mume wangu bado liko hai. Visa ndiyo hakuna.

Yule msichana simlaumu. Najua alipo. Yuko dirishani, juu yake mkuu wa ofisi, juu yake wizara, juu yake Rais. Hata angetaka kutupa visa, asingeweza. Laiti nisingeelewa, ningemtukana nikapumua. Nimeelewa, sina wa kumtukana.

Wa kumtukana yupo. Nimemfuata Profesa pale anapokunywa chai. Kasema, "Maswali niliyokupa ni ya kweli, mama, hata mtandaoni yapo." Nikamwambia ya kweli, lakini ni ya wanaoomba uraia, na mimi nilikosa karatasi moja tu. Nimesema kwa sauti, watu wamegeuka. Kajikuna kichwa. Sijutii.

Lakini hata mimi. Barua ya ubalozi ya kutuita kwenye usaili ilikuwa na ukurasa wa vyeti. Kiingereza kirefu, kimebanana, sikuufikisha mwisho. Nilikuwa nakariri Nishati. Ningempa Frenk ausome, dakika kumi tu. Hii nitaibeba.

Frenk akitafuta la kunifariji kasema jaji anaweza kulizuia agizo. Bunge linaweza kubadilisha sheria. Rais mwenyewe anaweza kulifuta, au anayekuja baada yake. Nikamwambia najua, ukurasa wa sita. Hakucheka.

Jumapili, 11 Januari

Baba Rahma kalia kwenye simu. Mara ya kwanza namsikia. Kasema anarudi, anaacha kila kitu, tuishi popote. Nilitaka kusema rudi. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, mate yakalizunguka.

Nikasema usirudi. Ukitoka, unatufungia mlango sisi sote. Kaa. Miaka mitatu imebaki uombe uraia. Na agizo ni karatasi, limeandikwa na mtu, mtu analifuta. Akauliza, "Na Rahma atakuwa na miaka mingapi?"

Sita. Nikamuuliza kama theluji bado ipo. Yeye mwenyewe anajua kuhesabu.

Alipokata nimekaa sakafuni. Siamini niliyoyasema. Nayaamini pia. Yote mawili.

Jumanne, 13 Januari

Bi Zuhura ataniombea kibali cha kukaa hapa mwaka mwingine. Sikumwomba. Kasema tu, "Leta pasi yako," akaendelea kufunga robota.

Alhamisi, 15 Januari

Nimempeleka Rahma chekechea ya uchochoro wa nyuma. Mwalimu mwembamba, sweta la manjano, anaongea na watoto kwa kuchuchumaa. Fomu yao ina visanduku viwili. Miezi mitatu, au mwaka mzima. Mwalimu akasubiri.

Nikatia alama mwaka mzima.

Rahma hakulia. Alivua viatu, akavipanga vizuri kwenye safu na vya wenzake, akaingia ndani. Nilisimama nje kidogo kwenye baridi. Niliwasikia wanaimba, sikuweza kuitambua sauti yake. Kisha nikaenda kazini.