Nilipompigia Magoti Mzee wa Mchezo

Mjukuu wangu Neema,

Najua umenizidi mwaka mmoja, lakini ukoo umenifanya bibi yako, kwa hiyo niamkie kwanza. Huku Kizwite tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna ulezi.

Unauliza utasema nini huko Mbeya, kwenye darasa la vichekesho vya papo kwa papo, bila maneno ya kukariri. Mimi siku ya kwanza ya darasa kama hilo niliapa kwamba nisipochekesha sirudi. Mwalimu akalichukua daftari langu la vichekesho, akanipandisha jukwaani. Kijana mmoja akaingia jukwaani amejikunja kama mzee. Nikasahau kuwa ni mchezo, nikapiga magoti na makofi ya taratibu kama tulivyolelewa: "Shikamoo, babu."

Nilipokumbuka ni mchezo, nilitamani kutoroka.

"Marahaba, mke wangu," akajibu. "Ugali uko wapi?"

"Mume gani hana hata jino? Utakunywa uji!"

Watu wakavunjika mbavu. Utani huo wa babu na mjukuu nimeuishi tangu utoto, wala sikuwahi kufikiri ni wa kuandikwa.

Nilirudi, Neema. Jumamosi iliyopita nilisimama jukwaani peke yangu, na waliokosa viti walicheka wakiwa wima hadi mwisho. Nenda.

Bibi yako,
Konsolata