Vidonge vya Goti la Mzee Ondieki

Jumanne, Kebirigo

Kama mzee angeniambia ukweli asubuhi, hatungepoteza nusu siku.

Mzee Ondieki, mkulima wa chai, alimleta kwenye kliniki yangu ya mifugo mbwa wake Simba, aliyekuwa akitapika damu. Nikamuuliza mzee mbwa amekula nini. "Hakuna kitu, daktari." Nikauliza tena na tena, jibu lilelile. Mwishowe nikaketi kando yake.

"Mzee, mimi si polisi. Nikijua alichokula, nitajua cha kumtibu."

Akatoa vidonge mfukoni, vile anavyomeza kwa maumivu ya goti. "Alikuwa anachechemea kama mimi. Nikamgawia."

Nilikuwa na mahubiri tayari kuhusu dawa za watu na matumbo ya mbwa. Nikayameza. Nilimweleza mzee polepole, akaelewa, kisha nikamtundikia Simba dripu.

Vidonge hivyo huharibu hata figo, na za Simba bado zinanitia wasiwasi. Lakini jioni amekunywa maji na hajatapika tena, na kazi hii naijua. Atapona.

Mzee alipokuwa akiondoka aliniomba nimwambie mbwa kwamba atarudi kesho mapema. Nimemwambia. Kwa Ekegusii, kwa sababu Simba Kiswahili hakijui.