Mstari wa Mdogo Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Gauni limetoka gazetini! Ukurasa mzima. Mwanamke mrefu, mabega wazi, na kifuani, kutoka bega hadi bega, mstari wangu. Wangu? Acha niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Ni wa marehemu mdogo wangu, kitindamimba wetu.

Mwezi wa kumi Madamu, mwenye karakana yetu ya ushonaji, alitaka kila mtu alete “kitu cha kwao”. Mimi miaka sita nashona vifungo tu. Nikaona bahati ndiyo hii. Kwetu, upande wa mama, mtoto akifa, mama yake humtungia mstari wa sindano kwenye kitambaa cheupe. Wa kwake peke yake. Haurudiwi, hauvaliwi na aliye hai. Kitambaa kinalala sandukuni, basi.

Nikakifuata sandukuni. Nikaunakili.

Madamu alipiga makofi. Leo mimi ni msimamizi wa meza ya tarizi. Nilifurahi, ndiyo. Nilifurahi sana!

Jumatano, 6 Machi

Redioni wanabishana kuhusu gauni tangu asubuhi. Mama mmoja wa kwetu kapiga simu: matajiri sasa wanavaa hata misiba ya watu. Mwingine kamjibu nguo ni nguo, asiyependa asinunue.

Mkata vitambaa wetu tunamwita Mkasi, kwa sababu ya mdomo. Eti utamaduni hauna mwenyewe — suruali aliyovaa yeye, kwani aliibuni babu yake? Tukacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, kisha nikaenda kunywa maji.

Kwa suruali labda ana haki. Lakini suruali haikushonwa na mama aliyetoka kuzika.

Alhamisi, 7 Machi

Mama kaliona.

Jirani ndiye kaleta gazeti. Mama akavaa miwani, akaweka kidole juu ya picha, akahesabu mishono mmoja mmoja. Wa saba umepinda. Akasema hapo ndipo mkono ulipomtetemeka.

Mungu wangu! Nilinakili hadi kosa. Na Madamu alinikataza nisirekebishe, akasema huo uliopinda ndio wenye roho.

Mama hakulia. Aliuliza tu nani kafungua sanduku. Funguo ziko mbili: wake, na wa mama mdogo, anayeishi nasi tangu afiwe na mumewe. Mimi? Mama anajua nashona vifungo kwa fundi fulani, jina la fundi hajawahi kuuliza. Nikafungua mdomo niseme. Nikaomba chumvi.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mdogo ameondoka.

Mama alimwambia usoni: umemuuza mwanangu. Mama mdogo akaapa, akalia, akaapa tena. Halafu akanitazama. Anajua! Mwezi wa kumi ni kwake nilikoazima ufunguo, nikamwambia natafuta cheti changu cha kuzaliwa.

Nilimbebea begi hadi kituoni. Mwoga mimi, kazi yangu kubeba mabegi. Nikamuuliza mbona hukusema. Akanijibu taratibu kwamba akisema, dada yake atabaki hana mtoto hata mmoja. Akapanda gari. Hakupunga mkono.

Nimerudi, nimemkuta Mama anaosha kikombe cha mdogo wake. Kakiosha mara tatu.

Jumatatu, 11 Machi

Maneno yamezidi mjini. Madamu kaniita. Kesho waandishi wanakuja. Nisimame mbele ya kamera niseme mstari ni wa familia yetu na tuliutoa kwa baraka zote. Nikamwambia siwezi. Akashangaa kweli, wala si kwa ubaya. Kwani hakuniuliza siku ile kama wazee wameruhusu? Aliniuliza. Nilisema ndiyo.

Nikasema ndiyo tena.

Jumanne, 12 Machi

Naandika stoo, juu, katikati ya majora ya vitambaa. Kamera zimeshawekwa tayari chini. Nilikuja kuchukua uzi —

Mama yuko chini!

Jirani kasoma anwani gazetini, kamleta. Sauti yake naisikia vizuri, ngazi ni hizi hapa. Hagombi. Laiti angegomba! Anamwamkia kila mtu. Anasema hakuja kudai kitu, anaomba tu mwanawe atolewe kwenye hizo nguo. Na atajiwe aliyeuleta mstari, maana amemfukuza mdogo wake nyumbani, na kama kamwonea anataka akamwangukie miguuni leo hii.

Madamu anamvutia kiti. Anacheka kwa upole: hapa hakuna mwizi, mama, kauleta binti yetu mwenyewe, yuko hapo juu, ngoja aitwe mfurahiane.

Sasa Mama anauliza huyo binti, mama yake yu hai?

Madamu anasema hajui, hajawahi kumuuliza. Mkasi anapanda ngazi, mbili mbili, ananiita kwa jina langu, kwa sauti, jengo zima linasikia —