Mizizi ya Nyuma ya Nyumba Yako

Hooyo wangu, mama yangu,

Niko Isiolo tangu Jumatatu na bado sijafika kwako. Mimi na wenzangu wa maabara tumepanga vyumba karibu na soko. Kila asubuhi gari letu linaingia mtaa wako wa Chechelesi, linapita mlango wako wa buluu, nami nageuza uso upande wa pili. Telegramu ya kaka ilinikuta Nairobi ukiwa umeshazikwa, kwa hiyo ndani yangu hujafa sawasawa. Naogopa kwamba nikiufungua mlango ule nisikukute, ndipo utakuwa umekufa.

Acha kwanza nikukumbuke.

Hukuwahi kuiona maabara yetu. Ulikuwa ukiniuliza, "Kwani huko yunivasiti mnafanya nini na mizizi?" nami nikakosa maneno. Leo ninayo. Tuna masanduku ya mbao yenye ubavu mmoja wa kioo, na kila kioo kimefunikwa kitambaa cheusi, kwa sababu mzizi hukwepa mwanga. Tunapofunua, hata Profesa wetu hupunguza sauti, kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Mle ndani nyuzi nyeupe zinateremka taratibu, kila moja na ncha yake inayopapasa kama kidole kinachotafuta kibiriti gizani.

Baadaye tunaziosha kwenye trei za maji, bila kuvuta. Ndivyo vidole vyako vilivyokuwa vikiachanisha nywele zangu kabla ya kusuka. Mara nyingi, mikono ikiwa majini, nimejisahau na kuhisi magoti yako mgongoni mwangu.

Unaikumbuka safari yetu ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya sabini, kiangazi kile ng'ombe walipokuwa wakipita kutoka Kipsing kutafuta maji? Nilikuwa bado mwanafunzi. Tulichimba handaki chini ya mgunga wa nyuma ya nyumba yako, tuone mizizi yake inafuata maji mpaka wapi. Profesa alilipima kwa urefu wa mtu aliyelala. Tukarundika udongo kando, vizuri kabisa, tukaenda kula. Hakuna aliyeona tulichokifanya, hata mimi niliyekulia hapo. Tuliporudi tulikuta wanawake wameketi chini kando ya nyumba, wamejifunika shela, birika la chai limeshafika, na mzee mmoja amefungua viganja anaomba dua.

"Poleni," akamwambia mwenzangu Mutua, aliyekuwa ameshika chekeche. "Ni nani amekufa?"

"Hakuna mtu, mzee. Tunatafuta mizizi."

"Mizizi imepotea?"

Ulicheka wewe kwanza, Hooyo, ukacheka mpaka ukashika mti, ndipo wengine wakathubutu. Kisha ukapangusa macho, ukamgeukia Profesa.

"Sasa sikia, mwalimu. Shimo kama hii haiachwi peke yake. Kama iko wazi, mtu akae nayo."

Ukaketi ukingoni, ukaning'iniza miguu ndani.

"Mama, na hauogopi?" Mutua akauliza.

"Niogope nini? Mizizi itaniuma? Kunyweni chai, imekuja bure."

Tangu siku ile hakuna handaki letu linaloachwa bila mtu, hata yale ya uwanja wa chuo. Mwenye zamu tunamwita Mama, hata awe na ndevu.

Wiki hii tunachimba mgunga mwingine, ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yako. Usingizini naota ardhi ya Isiolo imekuwa kioo. Natembea juu yake bila viatu na kuona mizizi ikipita chini ya nyumba, chini ya msikiti, chini ya barabara, myeupe, haina haraka, nami naifuata nikikutafuta. Wanawake wa kwetu hatuendi makaburini. Sijui hata umelala upande gani.

Hapo ndipo nilipokatizwa. Nilikuwa naandika ukingoni mwa handaki, zamu ikiwa yangu, nikasikia sauti ya jirani yako, Mama Ekai.

"Wewe Sahra! Unalala kwa hoteli kama mgeni?"

"Kazi ni nyingi, Mama Ekai."

"Kazi gani? Toka kwa hiyo shimo. Mimi nitafagia ile nyumba mpaka lini? Ama unataka niolewe huko?"

Mutua, aliyekuwa akichekecha udongo karibu nami, hakucheka. Aliketi pale nilipokuwa. "Enda," akasema. "Nitakaa mimi."

Tukavuka. Mama Ekai akafungua kufuli, akajitenga nipite. Nyumba hata ikiwa tupu husalimiwa, ulinifundisha wewe, nami nikasimama mlangoni nikasema, "Salaam aleikum."

Mkeka, jiko, ukuta wenye alama ya mafuta pale ulipokuwa ukiegemeza kichwa. Hapo ndipo ulipokufa ndani yangu, Hooyo. Nikabaki kizingitini, nimeshika mlango.

Mama Ekai ni mtu wa kanisa. Miaka yote ya ujirani wenu aliamkia watu kwa "Habari" tu. Nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi, kisha kwa sauti ya chini, kama anayejaribu nguo ya mwenzake, akaitikia:

"Aleikum salaam, mwanangu. Ingia."

Nikaingia. Naimalizia barua hii mkekani mwako.

Pumzika, Hooyo.

Mimi, binti yako